Mbwa chotara mdogo kwa mwenye aleji

Ndugu, umeuliza kama Maltipoo (chotara wa Maltese na poodle) au Cockapoo (chotara wa cocker spaniel na poodle) atakufaa, nawe hupiga chafya na kuwashwa macho ukikaa na mbwa. Muuzaji akikuhakikishia kwamba wake haleti aleji kabisa, usimwamini. Mbwa wa namna hiyo hayupo. Kinachokusumbua ni protini za kwenye mate, mkojo na vigamba vya ngozi, si manyoya yenyewe. Tena chotara wa tumbo moja hutofautiana sana. Kaa na yuleyule unayemtaka, ndani ya nyumba, mara kadhaa, kabla hujalipa. Ukipimwa aleji, ulizia Can f 5, mojawapo ya protini hizo za mbwa: hutoka kwenye tezi dume ya mbwa dume, hivyo anayedhurika nayo peke yake huenda akamvumilia jike. Kama kifua hubana au una pumu, muone daktari kwanza, tafadhali.