HS4 na HIF4 kwenye MGB moja: usikubali

SWALI: Habari fundi. Nina gari, MGB ya 1970, hapa Nairobi, yenye kabureta mbili (zinazochanganya mafuta na hewa) za SU, aina ya HS4. Inatoa moshi mweusi na inakunywa mafuta sana. Fundi wangu anataka kuitoa ya nyuma afunge HIF4 aliyonayo, anasema ni toleo jipya, na ile ya mbele aisugue sindano kwa msasa. Je, tofauti yake ni kubwa?

JIBU: Ni kubwa, ndugu yangu. Koo, yaani njia ya hewa, ni lile lile la inchi 1½ na nguvu ya gari haiongezeki, kwa hiyo huo upya hautakusaidia kitu. Kilichobadilika kiko chini. HS4 ina bakuli la floti (boya linalodhibiti kiasi cha mafuta) pembeni, na mafuta hufika kwenye jeti (tundu ambamo sindano hupanda na kushuka) kwa kijibomba cha nailoni. HIF4, iliyoanza kufungwa kwenye MGB miaka ya mwanzo ya 1970, ina floti tumboni mwake, na jeti yake imeshikwa na kipande cha metali mbili kinachoisogeza kadiri mafuta yanavyopata joto. Ukivuta choki (ya kuwashia injini ikiwa baridi), jeti ya HS4 inashuka. Kwenye HIF4 jeti haiguswi. Inafunguka vali nyingine kabisa. Utazioanishaje hizo kwenye choki moja, wakati kila kabureta inalisha silinda mbili?

Hilo la msasa ndilo linalonikera zaidi, na nakutana nalo kila mara. Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa. Sindano ikisuguliwa inakonda, nafasi kati yake na jeti inapanuka, mafuta yanazidi tena! Huyo anakuongezea ugonjwa ule ule uliompelekea. Unene wa sindano hupimwa kwa sehemu ya elfu moja ya inchi, hatua kwa hatua toka shinani hadi nchani. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuukisia kwa msasa.

Kwako ningeanza na choki. Irudishe, kisha chungulia chini ya kila kabureta: jeti imepanda ikagota kwenye nati yake? Ikibaki inaning'inia hata milimita moja, moshi umeshajua unatoka wapi. Tazama pia vali ya floti. Halafu kumbuka Nairobi iko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, kwa hiyo nati ya jeti huenda ikahitaji kupandishwa, bapa (ubavu wa nati) moja moja, si kwa kuzungusha ovyo.

Na wenye magari haya wote wanisikilize. Anayetoboa jeti, anayehamisha pistoni ya kabureta hii, ile inayobeba sindano, kwenye kikombe cha nyingine (zimetengenezwa zikiwa jozi), anayelaumu kabureta kabla hajapima pointi na taimingi (za cheche), huyo anabahatisha kwa mali yako. Mara nyingi shafti ya kipepeo (kibao kinachofungua njia ya hewa ukikanyaga mafuta) imelika, inavuta hewa pembeni, na hakuna marekebisho yatakayoshika mpaka ibadilishwe pamoja na bushi zake.

Sindano ina herufi zilizogongwa kwenye shina. Zisome na uziandike. Kama ya mbele imeshaguswa na msasa, usimruhusu airudishe: agiza mbili mpya zenye herufi zile zile, pamoja na jeti zake.