Maji mekundu puani mwa marehemu si ushahidi wa sumu

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu alilala mzima, asubuhi tukamkuta amefariki. Siku ya tatu, wakati wa kumwosha, mwili ulikuwa laini kama wa mtu aliyesinzia, na alipogeuzwa akatokwa na maji mekundu puani. Mpiga ramli anasema hiyo ni sumu, tena kalishwa na mkewe. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba. Hapana, si kweli.

Msuli hutumia nguvu kujikaza, na hutumia nguvu kulegea pia. Mtu akifa nguvu hiyo huisha, misuli ikakwama. Taya hutangulia, baada ya saa chache; zikipita saa 12 hivi tangu kifo, mwili mzima umekakamaa. Kisha misuli yenyewe huanza kuoza, mwili ukalegea tena, na penye joto hulegea upesi zaidi. Siku ya tatu, ulaini ndio ninaoutarajia.

Na hayo maji? Bakteria wa tumboni hawafi pamoja na mwenye tumbo. Wanaendelea kutoa gesi, gesi inasukuma majimaji ya mapafu na tumbo kwenda juu, nanyi mkimgeuza yanapata njia. Nimeyaona kwa waliokufa kwa moyo, kwa kiharusi, hata kwa uzee tu.

Huyo mpiga ramli hana jipya. Mwaka 1892 huko Exeter, Rhode Island, Marekani, Mercy Brown alikufa Januari kwa kifua kikuu. Machi majirani wakautazama mwili wake, wakakuta damu moyoni, wakaamua kwamba marehemu huyo ndiye anayemnyonya uhai kaka yake aliyekuwa mgonjwa. Kumbe baridi ya miezi ile ilikuwa imeuhifadhi mwili! Moyo ukachomwa, kaka akanyweshwa majivu yake. Mei naye akafa, kwa kifua kikuu kilekile.

Sumu nyingi haziachi alama ya kuonekana kwa macho. Hutafutwa maabara, kwenye damu, mkojo, ini, hata majimaji ya jicho. Mkishuku kwa dhati, nendeni polisi mkaombe uchunguzi wa maiti, mapema. Familia ikiniletea tuhuma kama hizi, siulizi marehemu alitokwa na nini puani. Nauliza kama keshachomwa dawa ya kuzuia kuoza, kwa sababu dawa hiyo huvuruga vipimo. Mara nyingi wananijibu keshachomwa, na mjane keshafukuzwa nyumbani.