Mama, mtazame mwanao anavyokojoa

Siku tuliyotoka hospitali, mama mkwe alimvua mjukuu wake pampasi, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, akampapasa tumbo. Kisha akaniuliza, "Sasa wamempasua wapi?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Hakukuwa na mshono wala plasta. "Basi kapona," akasema, akaenda zake kukoroga uji.

Kauli ile imenihangaisha karibu miaka minne sasa.

Nirudi nyuma kidogo. Mwanangu alikuwa mtoto wa homa. Kila mwezi joto linapanda, hanyonyi, anatapika. Zahanati tuliyokuwa tukienda walipima malaria, hakuna. Wakapima mkojo, wakasema UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wakaandika antibiotiki, tukarudi nyumbani. Dawa ikiisha hazipiti wiki tatu, homa ileile. Kabla hajafikisha mwaka tulishazunguka hivyo mara nne. Nyumbani bibi akasema ni mchango, jirani akasema ngiri, na mimi nikamnywesha maji ya mizizi ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya mti gani. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto mdogo hivi apate UTI kila mara, nami nikiwemo.

Aliyejiuliza ni daktari wa watoto tuliyempata kwa bahati tu, siku zahanati ilipokuwa imejaa. Akaagiza altrasaundi. Figo zote mbili zilikuwa zimevimba kwa mkojo, na ukuta wa kibofu ulikuwa mnene. Tukapewa rufaa kwenda Muhimbili, kwa daktari bingwa anayepasua watoto wenye matatizo ya njia ya mkojo.

Yule daktari alifungua faili, akalifunga, akaniambia nimvue mtoto pampasi, nimnyonyeshe, tusubiri. Nikaona aibu kwa ajili ya foleni iliyokuwa nje. Baada ya kama dakika ishirini mtoto akakunja uso, akakaza tumbo, mkojo ukaanza kutoka tone, tone, ukachuruzika pajani, ukakatika, ukaanza tena.

"Huwa anakojoa hivi?"

"Ndiyo, siku zote."

Jamani, nilikuwa nimezaa mabinti wawili kabla yake. Ningejuaje mvulana anavyotakiwa kukojoa? Mkojo wa mtoto wa kiume unatakiwa uruke, uchore upinde, ukulowanishe ukichelewa kufunga pampasi. Ukiona wa mwanao unadondoka tu, au anajikamua, au chini ya kitovu pamevimba na pagumu hata baada ya kukojoa, usingoje homa. Peleka mtoto, na mwambie daktari hivyohivyo ulivyoona. Siku hizi una simu, mrekodi akikojoa umwonyeshe daktari, kisha ufute.

Akanichorea nyuma ya karatasi. Ndani ya bomba la mkojo, chini kidogo ya kibofu, mwanangu alizaliwa na vijinyama vyembamba vinavyofanya kazi kama vali. Kila mkojo ukisukuma kutoka, vinajitanua na kuziba njia. Kibofu kinasukuma kwa nguvu mpaka kinakakamaa, mkojo unarudi juu, figo zinaumia, tena tangu mtoto akiwa tumboni. Huwapata wavulana tu. Nilimuuliza kama ni kitu nilichokula nikiwa mjamzito. Akasema hapana. Nilihitaji kulisikia hilo kuliko maelezo mengine yote.

Hawakukimbilia kupasua. Kwanza waliweka mpira wa mkojo kwa siku kadhaa ili figo zipumue, wakapima damu, wakapiga eksirei ya kibofu kwa dawa inayoonekana kwenye picha. Ndipo akapewa nusu kaputi. Kifaa chenye kamera, unene wake kama milimita 3, mwembamba kuliko mrija wa juisi, kilipitishwa kwenye njia yenyewe ya mkojo, na zile vali zikakatwa humohumo. Hakutobolewa popote. Kwa matatizo mengine, kama kende iliyobaki tumboni au figo iliyoziba pale inapoungana na mrija wake, ndiyo wanatumia ule upasuaji wa matundu madogo tumboni.

Vifaa vidogo kiasi hicho haviko kila hospitali. Wodini nilikaa na mama aliyetoka Lindi, mwanawe alikuwa ametobolewa tundu chini ya kitovu, mkojo unatokea hapo na kuingia kwenye pampasi. Mwanzoni nilimhurumia. Kumbe tundu lile lilikuwa limeokoa figo za mtoto huku akisubiri akue na kifaa kipatikane. Ukiambiwa mwanao anahitaji hivyo, usikatae kwa sababu tu umesikia kuna njia ya kamera. Muulize daktari kifaa kinachomfaa mtoto wa umri huo kipo wapi, na figo zinaweza kusubiri muda gani.

Kwenye kufunga kula kabla ya nusu kaputi, shika maelekezo yao na mchunge bibi. Kuna mtoto aliahirishwa siku ileile yetu kwa ajili ya andazi.

Sasa turudi kwa mama mkwe. Kukosa kovu kulimpunguzia mwanangu maumivu, lakini sisi wakubwa kulitudanganya. Baba yake alianza kuuliza nauli ya kliniki ni ya nini wakati mtoto anakimbia. Tulivyorudi baada ya miezi mitatu wakaingiza tena kamera, wakakuta kipande cha vali kimebaki, wakakimalizia. Tungekaa nyumbani tukisema kapona, je?

Vali zikiondoka, kibofu kilichokakamaa na figo zilizoumia bado ni vilevile. Hilo nililielewa usiku bibi alipomnyima maji tangu saa kumi na mbili jioni kwa kuwa analowanisha kitanda. Asubuhi nilimkuta mtoto amelegea, midomo imekauka, na shuka limelowa kama kawaida. Daktari akanieleza kwamba figo zake haziwezi tena kubana maji. Anatoa mkojo mwingi, mweupe, hata asipokunywa. Kumnyima maji ni kumkausha. Akiharisha simsubirishi mpaka kesho.

Kwa hiyo maji yanakaa karibu naye, na kukojoa ni kwa saa, kila baada ya masaa mawili hadi matatu, aseme amebanwa au asiseme. Akimaliza anakaa dakika chache, anakojoa tena, kwani mara ya pili hutoka mkojo uliobaki mara ya kwanza. Nina jagi lenye alama za mililita la kupimia mkojo wake, na daftari. Ujazo wa kibofu cha mtoto hukadiriwa kwa kuchukua umri wake, unajumlisha 2, unazidisha kwa 30. Wangu ana miaka 5, kwa hiyo mililita 210. Kila kliniki wanampima presha na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, nami naomba namba yenyewe niiandike, sikubali kuambiwa "iko sawa" tu.

Jambo la tohara, kwa kuwa mtauliza. Wangu alishauriwa atahiriwe mapema, inapunguza UTI. Lakini mtoto ambaye tundu la mkojo liko chini ya dudu badala ya kwenye ncha, usimpeleke kwa ngariba wala kliniki ya tohara kabla bingwa hajamwona. Ile ngozi ndiyo mara nyingi wanayoitumia kumtengenezea njia.

Mwaka huu ameanza chekechea. Nilimwomba daktari barua, nikaipeleka mwenyewe kwa mwalimu: aruhusiwe kwenda chooni bila kunyoosha mkono, na chupa yake ya maji ibaki mezani. Mwalimu akaisoma mara mbili, akamtazama mtoto aliyekuwa anarukaruka mlangoni, akaniuliza kama kweli ni huyu. Nikamwambia ni huyu. Amempa dawati la karibu na mlango.