Kaseti za API: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi mara hii zinahusu jambo moja: majaribio ya programu yanayotegemea seva za watu kupitia API, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuiomba nyengine data.

Tunatengeneza programu ya kuwaonesha wavuvi maji kujaa na kupwa. Majaribio yetu yanauliza API ya nje, na intaneti ikikatika yote yanafeli. Mwenzangu anasema turekodi majibu. Ndiyo nini? (Wete)

Ndiyo mambo yale yale ya kaseti. Waliokuwa wakirekodi taarab redioni wanajua: unanasa mara moja, kisha unasikiliza utakavyo, redio iwepo isiwepo. Jaribio likiendeshwa mara ya kwanza, ombi linafika kwenye seva ya kweli, na jibu zima, yaani namba ya hali (limefaulu au limefeli), vichwa vyake (maelezo yanayolitangulia) na JSON yake (data yenyewe, kwa maandishi), linaandikwa kwenye faili. Mara ya pili faili ndilo linalojibu. Maktaba ya VCR ya lugha ya Ruby, iliyotoka 2010, inayaita mafaili hayo kaseti hasa. Python ina VCR.py, Java ina WireMock.

Kaseti za zamani zilikuwa na vijimeno juu. Ukivivunja, hairekodiki tena. VCR nayo ina hali ya namna hiyo, `none`: ombi lisilomo kwenye kaseti linakataliwa, halitoki nje kimyakimya. Kwenye mashine ya pamoja inayoendesha majaribio ya timu nzima, vunjeni vijimeno.

Jana nimerekodi, majaribio yakapita. Leo asubuhi yamefeli na sijagusa kitu! (Mwanafunzi, Tunguu)

Siku imesogea, bwana. Bila shaka ombi lako linabeba tarehe ya leo ndani ya anwani, na maktaba hizi kwa kawaida hulinganisha aina ya ombi na anwani nzima. Kaseti ina ya jana. Simamisha saa ndani ya jaribio, programu iamini kuwa ni siku ile ile uliyorekodi. Wengine huiambia maktaba ipuuze tarehe. Mimi siipendi njia hiyo: programu ikituma tarehe ya mwaka juzi, jaribio litapita tu.

Na ukishaisimamisha, itazame saa yenyewe. API nyingi hutoa wakati wa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele. Kaseti ikisema 04:00, kwetu ni 07:00, na mvuvi wa Nungwi ataiita saa moja asubuhi. Hizo ni hatua mbili, kila moja inataka jaribio lake. Tia na jibu la usiku: 22:00 ya UTC kwetu ni 01:00 ya siku ya pili, saa saba usiku, na hapo ndipo tarehe hukosewa.

Kaseti tumeipandisha kwenye Git, tunakoweka msimbo wetu, kumbe ndani mna ufunguo wetu wa API, neno la siri la kuitumia. Nimefuta faili. Jee, yatosha? (Mlandege)

Hata kidogo. Git inaweka historia yote. Batilisha ufunguo huo sasa hivi, chukua mpya, ndipo urudi kwenye kaseti. VCR.py ina `filter_headers` ya kuondoa kichwa cha `authorization` kabla faili halijaandikwa. Funguo nyengine hukaa ndani ya anwani, na hizo ndizo zinazosahauliwa. Kama programu yenu inahifadhi vyumba vya wageni, soma na jibu lenyewe kwa macho yako: huenda mna majina na namba za pasipoti. Rekodi kwa mgeni wa kubuni.

Nitarekodi vipi hitilafu, na seva haikosei nikiwa narekodi? (Chake Chake)

Itunge. Nakili kaseti nzuri, geuza namba ya hali 200 (sawa) iwe 429 (maombi mengi mno) au 503 (huduma haipatikani). Nyengine, kata JSON katikati. Ipe jina la kuonesha imeandikwa kwa mkono, asije mtu akairekodi upya ikapona.

Kaseti inakaa muda gani? (Mkoani)

Mimi narekodi upya kila Jumatatu na kutazama kilichobadilika. Mtoa huduma wetu mmoja aliwahi kugeuza bei, kutoka namba ikawa maandishi. Majaribio yote yanapita, kijani kibichi, na huku wateja wanapiga simu. Kaseti hupima programu yako, seva yao haiijui. Ila kaseti za malipo zirekodi kwenye mazingira ya majaribio ya mtoa huduma, maana kwenye seva ya kweli kurekodi upya ni kulipa upya.