Jikoni Tunajibu: Tambi nyeusi za Kikorea kwenye baridi ya nyanda za juu

Mara supu, mara madonge

*Wapishi wa jarida, habari za kazi. Nimenunua tambi za Kikorea, zile za sosi nyeusi. Pakiti ya kwanza niliipika kama indomie, ikawa supu ya rangi ya kahawa. Ya pili nikamwaga maji yote, unga wa sosi ukashika madonge, na tambi zenyewe zilikuwa na kiini kigumu. Nakosea wapi?* – Msomaji, Uyole, Mbeya

Ndugu yetu wa Uyole, yote matatu yanatoka kwenye maji. Hizi si tambi za mchuzi. Maji ya kuchemshia humwagwa, na yale machache yanayobaki ndiyo yanayougeuza unga kuwa sosi.

Kwa pakiti moja kubwa ya gramu 140, kama ya Chapagetti, chapa ya Kikorea ya tambi hizi, maelekezo ni maji mililita 600 na dakika 5 za kuchemsha. Huko kwenu ongeza. Mbeya iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Ukichochea moto hupati joto zaidi ya hilo. Unapoteza mvuke tu. Kwa hiyo weka maji mililita 650, funika sufuria mpaka yatokote, ndipo utie tambi pamoja na kipakiti cha mboga kavu, na uhesabu dakika 6 mpaka 6 na nusu. Usiamini saa peke yake. Kata uzi mmoja kwa meno: ukiona doa jeupe katikati, bado.

Sasa linakuja jambo lenyewe. Kabla ya kumwaga, chota nusu kikombe cha chai cha maji ya tambi, yaani mililita 120 au vijiko vikubwa 8. Pakiti hukuambia uyaache kwenye sufuria, lakini kukadiria kwa jicho ndani ya mvuke ndiko kunakoleta supu. Chota kwanza, kisha mwaga yote bila hofu. Usibadilishe na maji ya birika, maana maji ya tambi yana wanga uliotoka kwenye ngano, na wanga huo ndio unaoifanya sosi ishike uzi.

Madonge hutokea unga ukiangukia tambi zisizo na maji: nje ya donge hulowa na kufanya utando, ndani hubaki pakavu. Dawa yake ni kuukoroga unga kwenye kikombe na vijiko 3 vya yale maji yakiwa moto hadi uwe uji laini, ndipo uumimine juu ya tambi. Ongeza maji yaliyobaki kidogo kidogo huku ukigeuza kwa uma au vijiti, moto mdogo, kama dakika moja. Kwenye jiko la mkaa epua kabisa; joto la sufuria linatosha. Unga huo una sukari, na sukari ikiungua uchungu wake hauondoki. Kipakiti cha mafuta tia mwisho.

Acha sosi ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyoipenda. Inakaza yenyewe ikifika kwenye sahani.

Je, ni maharage meusi?

*Salaam. Wanasema ni sosi ya maharage meusi. Maharage tunayo tele. Je, nikichemsha meusi na kuyaponda nitapata sosi ileile?* – Msomaji, Iringa mjini

Hutapata, na jina ndilo linalopotosha. Maharage hayo ni soya, ile ya kawaida yenye punje za rangi ya krimu. Huchachushwa pamoja na unga wa ngano na chumvi mpaka yawe dongo zito linaloitwa chunjang, na weusi wake mwingi unatokana na karameli inayoongezwa. Maharage meusi yaliyopondwa yatakupa utamu wa maharage, si ule ukali mtamu wa kitu kilichochachuka. Ni chakula kizuri, ila ni kingine.

Mapishi haya, jjajangmyeon kwa jina lake, yalizaliwa Incheon, mji wa bandari wa Korea, kwa wahamiaji wa Kichina waliotoka Shandong. Mji huo una hata makumbusho ya tambi hizi, yaliyofunguliwa 2012. Za pakiti zilikuja baadaye: tambi za papo hapo za kwanza nchini humo zilitolewa na kampuni ya Samyang mwaka 1963, na Chapagetti ya kampuni ya Nongshim ikafuata 1984.

Na sosi ya soya ya chupa? Inatoa rangi na chumvi, uzito haina.

Dongo limetoka chungu

*Nimeletewa kopo la hilo dongo jeusi lenyewe. Nimelichanganya na maji na vitunguu, likawa chungu na chachu. Limeharibika?* – Msomaji, Soweto, Mbeya

Halijaharibika, halikukaangwa. Chunjang mbichi ni chungu kwa asili yake, na ukichemsha bila kukaanga uchungu unabaki palepale.

Kwa watu watatu chukua vijiko vikubwa 3 vya dongo na vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya kula. Kaanga kwa moto mdogo dakika 3 mpaka 5 ukikoroga bila kuacha, hadi liwe na vitundu vidogo na harufu ibadilike kutoka chachu kuwa kama ya karanga zilizokaangwa. Weka pembeni. Kwenye kikaango kilekile kaanga nyama gramu 200 iliyokatwa vipande vidogo, kisha viazi mviringo 2 na karoti 1, vyote vya ukubwa wa punje kubwa ya mahindi. Vitunguu maji 2 vikubwa na kipande cha kabeji vifuate viazi vikianza kulainika. Usipunguze vitunguu, maana utamu wa sosi hii unatoka humo zaidi kuliko kwenye sukari. Rudisha dongo, tia kijiko kikubwa kimoja cha sukari na vikombe viwili vya maji, chemsha mpaka viazi viive. Kwenu Mbeya viazi vinataka dakika 12 hivi.

Kukaza, koroga kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi na vijiko 2 vya maji baridi, mimina ukikoroga. Wanga tunaousema ni ule laini kama poda, si unga wa sembe. Sembe hufanya sosi iwe na chengachenga, na hakuna namna ya kuirekebisha baada ya hapo.

Watoto wanne, pakiti mbili

*Shikamooni. Pakiti zina bei, na watoto ni wanne. Nitaziongezaje?* – Mama wa Tukuyu

Marahaba, mama. Ongeza mboga, usiongeze maji. Kaanga kitunguu 1 kikubwa, viazi 2 vilivyokatwa vidogo na kabeji kiganja kimoja mpaka viive kabisa, tia chumvi chembe tu au usitie. Pika tambi kama tulivyomweleza ndugu wa Uyole, changanya vyote, ndipo utie sosi ya pakiti zote mbili na maji ya tambi kikombe kimoja. Yai la kukaanga juu ya kila sahani linakamilisha mlo.

Chumvi ya pakiti hizi ni nyingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwa watoto wadogo tungeacha theluthi moja ya unga. Mboga zitabeba ladha.

Sosi ya maji imekaza

*Pakiti yangu haina unga, ina kifuko cha sosi nzito kama grisi. Haitoki.* – Msomaji, Njombe

Ni baridi yenu ya Juni. Mafuta yaliyomo hukaza. Kitumbukize kifuko kikiwa kimefungwa kwenye bakuli la maji moto dakika 3, kisha kikande kwa vidole kabla ya kukata. Aina hii inataka maji ya tambi vijiko 2 au 3 tu, si 8, kwa kuwa sosi imekwisha kutengenezwa.

Nitajuaje kama ina nguruwe?

*Maandishi yote ni ya Kikorea. Mimi ni Mwislamu.* – Msomaji, Mafinga

Tafuta kwanza alama ya halali. Ikikosekana, kagua orodha ya viungo kwa maneno haya: 돼지고기 ni nyama ya nguruwe, 쇠고기 au 소고기 ni ya ng'ombe. Ukikuta 돼지 popote, hata ndani ya neno refu zaidi, iache. Kagua kila pakiti upya, kwa kuwa chapa moja huweza kuwa na viungo tofauti kulingana na nchi inakopelekwa. Ukiwa na shaka, usinunue.

Tarehe pia husomwa kinyume na tulivyozoea: mwaka, mwezi, siku. Na pakiti iliyoanikwa juani kibandani iepuke hata kama tarehe haijafika, maana tambi hizi nyingi zimekaangwa na mafuta yake huvunda. Pua itakuambia mara tu ukifungua.

Kile kitu cha manjano pembeni

*Kwenye picha kuna vipande vya manjano. Ni embe?* – Msomaji, Makambako

Ni figili nyeupe iliyotiwa siki, danmuji kwa Kikorea. Menya figili nusu kilo, kata vipande vya nusu mwezi vyembamba. Chemsha maji kikombe kimoja, siki nusu kikombe, sukari gramu 100, chumvi kijiko kikubwa kimoja na bizari ya manjano nusu kijiko cha chai. Mimina ikiwa moto juu ya figili kwenye chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji moto, acha ipoe, funika, ngoja siku moja. Kwenye friji hukaa wiki mbili. Ukikosa figili, kitunguu kibichi chenye matone ya siki hufaa. Wakorea nao hukila hivyo pembeni ya tambi hizi.