Iache dynamic mlangoni

Saa tatu asubuhi mhasibu wa chama kimoja cha kuweka na kukopa alinipigia simu. "Kaka, mbona mfumo unasema leo tumekusanya 050003000? Waliolipa ni wawili tu." Mmoja alikuwa amelipa shilingi 5,000, mwingine 3,000. Nilikaa na ile sifuri ya mbele kwa muda kabla sijaelewa. Jumla ya pesa haianzi na sifuri. Kilichokuwa kwenye skrini kilikuwa maandishi yaliyogandishwa pamoja: 0, kisha 5000, kisha 3000.

Mfumo ule niliuandika kwa C#, lugha ya kuandikia programu. Taarifa za malipo ya simu zilikuwa zikiingia kwa muundo wa JSON (maandishi yenye majina na thamani zake) kutoka mitandao tofauti, kila mmoja na mpangilio wake. Sikutaka kuandika klasi, yaani kiolezo cha data, kwa kila mtandao, kwa hiyo nilizisoma zote kama ExpandoObject, kitu cha C# kinachobeba sifa zozote unazokipa, na kuzijumlisha kwa neno dynamic hivi:

```
dynamic jumla = 0;
foreach (dynamic m in malipo)
    jumla += m.kiasi;
```

Kwa miezi kadhaa hesabu zilikuwa sawa, maana mtandao wa kwanza ulituma kiasi kama namba. Ukaja mwingine unaotuma kiasi ndani ya alama za nukuu, yaani kama maandishi. Katika C#, alama ya kujumlisha ikikuta maandishi upande wowote, inaunganisha. Na kwa kuwa jumla yenyewe niliitangaza kuwa dynamic, hakuna kilichoizuia kugeuka kutoka namba kuwa maandishi katikati ya kitanzi (loop). Ningeandika `decimal jumla`, yaani jumla iwe namba ya desimali tu, programu ingesimama palepale kwa kosa liitwalo RuntimeBinderException, na kosa lingenifikia mimi badala ya kumfikia mhasibu.

Neno dynamic liliingia C# kwenye toleo la 4, mwaka 2010. Linaiambia kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri tulichoandika: hapa usikague, tutajua programu ikishaanza kukimbia. Lililetwa kwa sababu ya maana, hasa kuzungumza na Excel na Word kupitia COM, njia ya programu za Windows kuitana, na lugha kama Python ambazo aina ya kitu hujulikana wakati kodi (msimbo wa programu) inatekelezwa. Sina ugomvi nalo. Ninachokuomba uogope ni jinsi linavyoambukiza. Ukipitisha kitu cha dynamic kwenye methodi, yaani kipande cha kodi kinachofanya kazi moja, ukapokea jibu kwa `var`, neno linaloiachia kompaila itambue aina yenyewe, mara nyingi jibu hilo nalo linakuwa dynamic. Unapitisha jibu kwenye methodi nyingine, nalo hivyohivyo. Siku ile nilipofuatilia, niliukuta ugonjwa umefika kwenye faili la kuchapisha risiti, ambako sikuwahi kuandika neno dynamic hata mara moja.

Kuna mitego mingine iliyonipotezea siku nzima kila mmoja. ExpandoObject inatofautisha herufi kubwa na ndogo, na ukiiandikia jina lisilokuwepo inaliongeza kimyakimya: andika `m.Kiasi` badala ya `m.kiasi`, sasa una sifa mbili, na ile ya zamani imebaki na thamani ya zamani. Ukisoma jina lisilokuwepo ndipo inapolalamika. Pia ukiita `First()` au `Sum()` juu ya orodha uliyoishika kama dynamic, utaambiwa orodha haina methodi hiyo, ingawa jana ilifanya kazi. Hizo ni methodi za nyongeza, zilizoandikwa nje ya orodha yenyewe, na dynamic haizioni.

Mtego ninaouona sana kwa vijana ninaofanya nao kazi ni `List<dynamic>`. Mtu akiona zile alama mbili za pembe anaamini ameshatumia jeneriki, yaani kodi inayotajiwa aina ya kitu itakachobeba, yuko salama. Hayuko. Programu ikikimbia, hiyo ni `List<object>` tu. Umerudi kwenye ArrayList tuliyoikimbia mwaka 2005, wakati C# 2 ilipoleta jeneriki: mfuko unaomeza chochote, na wewe unayetoa ndiye unayebashiri umeshika nini.

Nilichofanya baada ya simu ile ni kuweka mpaka. Data ya nje inaruhusiwa kuwa dynamic mlangoni peke yake, kama viatu. Kila mtandao una methodi yake ndogo, zote ndani ya faili moja, inayopokea JSON, inaikagua, na kutoa kitu chenye aina inayojulikana:

```
record Malipo(string Risiti, decimal Kiasi, DateTime Muda);
```

Hapo ndipo "5000" inapogeuzwa kuwa decimal, mara moja tu. Tumia `CultureInfo.InvariantCulture`, mpangilio usiofuata nchi yoyote, unapogeuza, tafadhali, maana seva yenye mipangilio ya nchi nyingine inaweza kusoma mkato na nukta tofauti na unavyodhani, na hizi ni pesa za watu. Kabla ya kusoma sifa yoyote, ichukulie ExpandoObject kama `IDictionary<string, object>` yaani kamusi ya majina na thamani zake, na uulize kama jina lipo.

Ndani ya mlango, jeneriki zikachukua kazi. Nilikuwa na klasi nne za majibu zilizofanana kama pacha: jibu la malipo, la mkopo, la mwanachama, la akiba. Zote zikawa `Jibu<T>`, yenye Data ya aina T (nafasi ya aina utakayoitaja unapoitumia) na ujumbe wa kosa. Kikokotoo cha jumla kikapewa sharti, `where T : IMuamala`, yaani hakipokei kitu chochote kisichofuata mkataba wa IMuamala, unaodai Kiasi cha decimal. Ukijaribu kukipa maandishi, kompaila inakukatalia ukiwa bado mezani kwako.

Hapo nilinogewa nikapitiliza. Niliandika klasi yenye T, U, V na K ndani ya alama zile, na mwenzangu alipoifungua wiki mbili baadaye aliniuliza kwa upole inafanya nini. Nilishindwa kumjibu haraka. Tangu hapo sigusi jeneriki mpaka nione nakala ya tatu ya kodi ileile. Nakala mbili zinavumilika.

Kwa wanaotumia Java: jeneriki zenu, zilizokuja na Java 5 mwaka 2004, hufutwa wakati wa kukompaili, kwa hiyo `List<String>` ikikimbia ni List tu. Wazo la mlango ni lilelile, ila msitegemee kumuuliza T ni nani wakati programu inaendeshwa.

Leo katika mfumo ule neno dynamic limebaki kwenye faili mbili: moja inapokea malipo, nyingine inajaza ripoti ya mwezi kwenye Excel. Nikikagua kodi ya mwenzangu, jambo la kwanza ni kulitafuta neno hilo kwenye mradi mzima. Likitokea faili la tatu, tunakaa chini pamoja tuone limepitia wapi.