Jina la mkulima likipotea, chunguza tarehe

Mdogo wangu unayeanza kazi hii, ukikabidhiwa programu ya miaka ya tisini iliyoandikwa kwa lugha ya C, fungua kwanza sehemu inayoandika tarehe.

Msimu wa kahawa wa 2024, hapa Moshi, niliitwa kwenye ghala moja. Stakabadhi zilikuwa zinatoka na uzito na bei, ila jina la mkulima hakuna, na tarehe imeandikwa 05/08/124. Kumbe makarani walikuwa wameirudisha saa ya kompyuta hadi 1996, maana siku za juma za mwaka ule zinalingana na za 2024; tarehe ya kweli wakaigonga kwa muhuri. Ilipoletwa kompyuta mpya inayochukua saa kwenye intaneti, ubovu uliokuwa umefichwa hivyo ukajitokeza.

Katika C, tm_year huhesabu miaka tangu 1900. Mwaka 1996 ni 96, 2024 ni 124. Aliyeandika programu alitenga baiti 9: herufi 8 za 05/08/96 na sifuri ya kufungia, yaani baiti inayoiambia C kwamba maandishi yameishia hapo. 05/08/124 inataka 10. Sifuri ikamwagikia nafasi ya jirani, yaani jina, ikafuta herufi ya kwanza. Herufi nyingine zote zilikuwa bado zipo, lakini kwa C jina linaloanza na sifuri ni tupu.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Nilibadili sprintf, inayoandika bila kuangalia nafasi, kuwa snprintf, inayokata maandishi yasiyoenea; majina yakarudi. Nikatazama karatasi tena: 05/08/12. Herufi ya tisa imekatwa, na mkulima aliyeleta kahawa asubuhi ile ana stakabadhi ya 2012! Tarehe ya uongo inayofanana na ya kweli ni mbaya kuliko 124, kwa sababu hakuna atakayeishtukia.

Tumia strftime, amri ya C ya kuandika tarehe, yenye %d/%m/%Y (siku, mwezi na mwaka mzima) na baiti 11, na usome jibu lake: ikirudisha 0, nafasi haikutosha. AddressSanitizer, chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu, isikutulize: kwa kawaida haioni mmwagiko kati ya nafasi mbili za struct moja, yaani fungu moja la data zinazokaa pamoja.

Ila usipanue struct kabla ya kujua kama inaandikwa nzima nzima kwenye faili. Yetu ilikuwa hivyo, na baiti mbili za ziada zingevuruga rekodi zote za zamani. Tulinakili faili, tukaandika kiprogramu cha kuhamisha rekodi moja moja, kisha tukajumlisha kilo za faili zote mbili. Zilipolingana ndipo mizani ikafunguliwa.